Wadaka-nzi wa Stenostiridae: dhana na ukweli

Dhana: ndege wote wanaodaka wadudu hewani ni ukoo mmoja.
Ufundi huo umezuka mara nyingi, katika koo mbalimbali. Wadaka-nzi wa Amerika, familia ya Tyrannidae yenye spishi zaidi ya 400, hawana udugu wa karibu na Muscicapidae wa Afrika, Asia na Ulaya. Mdomo mpana wenye vinyweleo pembeni huonyesha kazi ya ndege, ukoo wake hauonyeshi.

Familia ya Stenostiridae, iliyopewa jina mwaka 2005, ina spishi 9 tu, nazo zilikuwa zimetawanywa katika familia tofauti hadi vinasaba vilipochunguzwa. Ndugu zao wa karibu ni Paridae, vindege wanaoning'inia matawini wakitafuta viwavi. Nani angekisia?

Dhana: wadaka-nzi wenye kishungi ni jenasi moja, yaani kundi moja la spishi za karibu.
Hapa ndipo wengi hukwama, na siwalaumu. Katika misitu ya milima ya Tanzania yumo *Elminia albonotata*, mwenye kishungi, mwili wa kijivu na ncha nyeupe mkiani. *Trochocercus cyanomelas* naye ana kishungi, tumbo jeupe, na hupekua majani kwa pilikapilika zilezile. Zamani wote wawili waliwekwa katika *Trochocercus*. Leo jenasi hiyo imebaki na spishi mbili, nazo ni za familia nyingine, Monarchidae, tawi lililo karibu zaidi na kunguru kuliko na *Elminia* anayefanana nazo.

Dhana: Stenostiridae ni wa Afrika peke yake.
*Elminia*, spishi 5, ni wa Afrika kweli. Lakini *Culicicapa ceylonensis* yuko India, Sri Lanka na Asia ya Kusini-Mashariki, na mwenzake *C. helianthea* yuko Ufilipino na Sulawesi. *Chelidorhynx hypoxanthus* wa Himalaya alihesabiwa kuwa *Rhipidura*, jenasi ya ndege wenye mkia wa aina hiyo, kwa sababu ya mkia wake unaofunguka kama upepeo.

Dhana: wadaka-nzi wa buluu wa Afrika ni spishi moja tu.
Ni wawili: *Elminia longicauda*, kuanzia Senegali hadi magharibi mwa Kenya, na *E. albicauda*, kuanzia Angola hadi Tanzania na Malawi. Tazama mkia: wa pili ana nyeupe.

Dhana: Stenostiridae hawahami.
*Stenostira scita* wa kusini mwa Afrika hutaga Karoo, eneo kame la Afrika Kusini, na nyanda za juu za Lesotho. Baridi ikija, wengi wao huelekea kaskazini, kwenye maeneo ya chini.