NASCAR si kukata kushoto tu jamani

Kila nikiweka NASCAR, zile mbio za magari za Marekani, kwenye tivii lazima atokee mtu sebuleni aseme aah, hawa si wanazunguka tu kama ngamia wa kinu cha ufuta. Simlaumu sana maana hata mimi nilikuwa nasema hivyohivyo, nimekulia kwenye rali bwana, mbio bila vumbi wala matope kwangu zilikuwa za watoto. Kilichonibadilisha ni Martinsville, siku moja nilikaa nikaangalia mwanzo mwisho, lapu zote 500, yaani mizunguko 500 ya uwanja.

Basi tuanze na hilohilo, eti kona zote ni kushoto sasa ugumu uko wapi. Martinsville iko Virginia kule Marekani, ovali ndogo ya mita 847 hivi, ukiitazama kutoka juu ni kibanio cha karatasi kabisa: vipande viwili vya lami vilivyonyooka, halafu kona za zege zilizobana kwelikweli. Gari inakuja na spidi yote na dereva anatakiwa aiue hiyo spidi ndani ya mita chache tu, kwenye kona ambayo lami yake imelala kwa upande digrii 12 tu, siyo kama uwanja wa Daytona ambako kona imelala digrii 31 na inaishikilia gari yenyewe. Sasa piga hesabu, breki mara mbili kila lapu, lapu 500, hiyo ni mara 1000. Kamera ikisogea kwenye rimu unaona diski imeiva nyekundu kama makaa ya mchoma mahindi. Ukikanyaga kwa pupa lapu za mwanzo, ukifika ya 400 utalia. Ndo maana wazoefu unawaona wanaachia mafuta mapema kidogo, wanaiacha gari ijizungushe yenyewe katikati ya kona, halafu wanatoka na moto wakati mwenzao bado anahangaika kunyoosha usukani.

Na hiyo gari haijakaa sawa hata ikiwa imesimama. Taili za mbele zote mbili zimeinamishwa kushoto kama mtu anakata kona na baiskeli, na za kushoto zinajazwa upepo mdogo kuliko za kulia. Mafundi wakikosea kidogo tu, pua inakataa kuingia kona au mkia unaachia. Ukisikiliza redio ya dereva na watu wake ni wimbo huohuo muda wote, mkia unatoka, pua haiingii, basi akija piti, pale pembeni gari inaposimama kuhudumiwa, mmoja anachomeka spana ndefu pale kioo cha nyuma anazungusha kidogo, wenzake wamebadilisha taili zote nne na mafuta yameingia, sekunde kama 10 hivi keshaondoka.

Halafu kuna wanaosema ni magari ya dukani yamepigwa rangi. Zamani ndiyo, mbio za kwanza kabisa za ligi hii, Juni 1949 kule Charlotte, zilitaka gari ya kawaida isiyoguswa, na Glenn Dunaway aliyetangulia mstarini akanyang'anywa ushindi kwa sababu spring za nyuma zilikutwa zimechezewa, akapewa Jim Roper. Siku hizi sahau. Ile Toyota Camry unayoiona pale haina undugu na Camry ya mjomba wako zaidi ya sura, ya mjomba inavutwa na taili za mbele, hii ina injini ya V8, silinda nane, ya karibu lita 6 inasukuma za nyuma, milango haifunguki, taa ni stika, dereva anaingia kwa dirishani na usukani anauchomeka baadaye.

Eti wamekaa tu hawachoki? Zaidi ya masaa matatu, ndani joto linapita digrii 50, umevaa ovaroli isiyoshika moto. Jaribu.

Na lile la kusema hakuna sheria, ni kugongana tu. Kugusana kupo, Martinsville bila kusukumwa matako ya gari siyo Martinsville. Lakini Oktoba 2022 hapohapo Martinsville dereva Ross Chastain, lapu ya mwisho, akaingiza gia ya tano akaibandika gari ukutani na kukanyaga mafuta bila kuachia, akatoka nafasi ya 10 mpaka ya 5 akiburuza ukuta, akapata tiketi ya fainali. Alisema mchezo huo aliujua kwenye gemu ya video alipokuwa mdogo! Januari iliyofuata wakubwa wakatangaza atakayerudia ataadhibiwa.

Mwisho, eti ni mchezo wa wazungu peke yao. Mwendo mfupi tu kutoka Martinsville kuna mji wa Danville, kwao Wendell Scott, mtu mweusi, fundi wa gari yake mwenyewe. Desemba 1963 alishinda Jacksonville, Florida, akiwa mbele kwa lapu mbili, lakini bendera ya ushindi akapewa dereva mzungu, Buck Baker, na kombe akaondoka nalo Baker. Baadaye wakasema aah hesabu ilikosewa, mshindi ni Scott, ila kombe hakuliona. Alifariki 1990. NASCAR wenyewe walikabidhi kombe kwa familia yake Agosti 2021, na wiki tano baadaye dereva Bubba Wallace akashinda kwenye uwanja wa Talladega, mweusi wa pili kushinda ngazi ya juu.