Mgongo ukiuma, usikimbilie kulaumu fremu

"Alumini inagonga, chuma kinanyonya mishtuko." Hapa Lubumbashi wanaouza baiskeli na wanaozipanda wote wanaamini hivyo, na hakuna dhana inayowapotezea watu pesa kama hii. Kwa asili yake alumini hupinda kirahisi kuliko chuma, karibu mara tatu. Watengenezaji wakafidia kwa mabomba manene, kwa sababu bomba likipanuliwa kipenyo mara mbili na unene wa ukuta wake ukabaki uleule, ugumu wake wa kupinda huongezeka karibu mara nane. Kwa hiyo umbo la bomba lina neno kubwa kuliko madini yenyewe.

Hata hivyo, fremu ya kawaida yenye pembetatu mbili, iwe ya chuma au ya alumini, haibonyei sana kwenda chini. Kinachobonyea ni tairi. Kaa kwenye kiti, mwenzako achungulie tairi la nyuma pale linapogusa ardhi: ataliona likitanuka, lakini fremu hataiona ikisogea. Kwenye barabara zetu za vumbi jekundu, kutoka tairi la upana wa milimita 28 kwenda la 40, na kupunguza upepo kidogo, utasikia nafuu siku hiyohiyo. Anza hapo kabla ya kutafuta fremu nyingine.

"Fremu iliyolala ni ya wazee." Watazame wabeba makala, yaani makaa ya kupikia, wanaoingia mjini na magunia yamefungwa nyuma. Bomba linaloshika usukani limelala, nyuzi 67 au 68 hivi kutoka ardhini. Kwenye baiskeli ya mashindano ni karibu 73. Pembe hiyo pamoja na mkunjo wa uma wa mbele ndivyo vinavyoamua gurudumu liguse ardhi umbali gani nyuma ya mstari wa usukani, yaani mstari wa bomba lile ukirefushwa hadi ardhini. Umbali huo ukiwa wa kutosha, usukani hujinyoosha wenyewe baiskeli ikienda. Magurudumu nayo yameachana sana, ndiyo maana mtu akipita shimo hatupwi juu kwa nguvu. Mzigo ule ule ukiuweka kwenye baiskeli ya mashindano, ambayo nyuma yake ni fupi, uzito unaangukia nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba. Mimi naihesabu fremu ile ya wabeba makala kuwa kazi ya akili.

"Chuma cha bei kali hakipindi kama cha rahisi." Hupinda sawasawa, mabomba yakiwa na vipimo sawa. Ubora wake ni kuhimili nguvu nyingi zaidi, hivyo ukuta wa bomba hufanywa mwembamba na fremu ikawa nyepesi.

"Ikipasuka, itachomelewa tu." Ya chuma, ndiyo, fundi wa mtaani ataimudu. Alumini inataka mashine yake, na moto hudhoofisha sehemu iliyo kando ya kiungo mpaka fremu ipashwe upya kwa joto maalumu. Anayeishi kwa kubeba mizigo achague chuma kwa sababu hiyo.