Linda folda za baruapepe ya ofisi zisifutwe kwa bahati mbaya

Kila Juni 30 inapokaribia na mwaka wa fedha wa serikali unafungwa, dawati letu la TEHAMA hapa Nairobi hupokea simu za aina moja: "Folda yangu imepotea." Ni msimu wa kusafisha. Visanduku vya barua vimejaa, marejesho ya kodi yanasubiri kwenye iTax, wakaguzi wa hesabu wako njiani. Anayepiga simu huapa kwamba hajafuta chochote, na mara nyingi husema kweli. Hakufuta. Amehamisha bila kujua.

Tazama inavyotokea. Afisa wa ununuzi ana folda zake upande wa kushoto wa skrini, moja chini ya nyingine: Ukaguzi, Usafiri, Zabuni 2022, Zabuni 2023. Anabonyeza Zabuni 2023 aifungue, lakini kabla kidole hakijaachia kitufe cha kipanya, mkono unateleza kidogo. Folda inanaswa, inaburutwa mistari miwili kwenda juu, inaachiliwa juu ya Usafiri. Kuanzia hapo Zabuni 2023 imo ndani ya Usafiri, na kwa kuwa Usafiri imekunjwa, haionekani. Ziko programu zinazouliza kabla ya kuhamisha folda, na ziko zinazohamisha kimyakimya.

Kwa hiyo kabla ya kudhani imefutwa, fungua kila kishale kilicho kando ya jina la folda uone kilichomo. Folda zikiwa nyingi mno, tafuta barua moja unayokumbuka ilikuwamo, kisha angalia programu inasema imehifadhiwa wapi. Katika Outlook, programu ya barua ya Microsoft, ile ya zamani ya kompyuta (classic), bonyeza jina la akaunti kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye sifa za faili ya data, kisha uombe ukubwa wa folda. Utapata orodha ya folda zote pamoja na zilizofichika ndani ya nyingine.

Kuzuia mkosi huu ni kazi ya dakika chache. Folda za miaka iliyokwisha zikusanye chini ya folda moja kuu, uiite Kumbukumbu, kisha uikunje. Mkono hauburuti kisichoonekana. Na kama unatumia laptopu ya Windows bila kipanya, zima ule mpangilio wa padi ya kugusa unaokuruhusu kuburuta kwa kugonga mara mbili.

Sasa kufuta kwenyewe. Katika Outlook na Thunderbird, programu nyingine ya barua, folda unayoifuta kwa kawaida huingia kwenye pipa la taka pamoja na barua zake zote, na ukiiwahi humo unaiburuta tu kuirudisha mahali pake. Hatari ni kumwaga pipa. Katika Outlook, folda ikishaondolewa kwenye pipa, hiyo folda yenyewe hairudi. Kinachoweza kurejeshwa ni barua zilizokuwamo, tena kwa muda maalumu. Kwa ofisi zinazotumia huduma ya Microsoft ya mtandaoni, muda huo ni siku 14 iwapo msimamizi wa mfumo hajaubadilisha, na anaweza kuusogeza hadi 30. Muombe ausogeze. Gmail huweka barua kwenye taka kwa siku 30, na ofisi yenye Google Workspace ina siku 25 zaidi ambazo msimamizi anaweza kuzirejesha.

Zipo njia mbili zinazokupeleka moja kwa moja kwenye hasara. Ya kwanza ni kubonyeza Shift pamoja na Delete, ambayo katika Outlook huruka pipa kabisa. Ya pili ni ule mpangilio wa kumwaga pipa kila unapofunga programu. Upo katika Outlook na upo katika Thunderbird pia. Uzime leo. Na wale wanaohifadhi barua za maana ndani ya pipa la taka, nawasihi muache desturi hiyo.

Kumbuka pia kwamba karibu kila ofisi sasa hutumia IMAP au mfumo unaofanana nayo, ambapo folda zinakaa kwenye seva na kila kifaa huonyesha kilichoko huko. Ukifuta folda kwa simu ukiwa ndani ya matatu pale Thika Road, kompyuta ya ofisini nayo itaifuta mara itakapounganishwa.

Linalonitia wasiwasi kuliko yote ni kisanduku kinachotumiwa na watu wengi: kile cha zabuni, cha malalamiko, cha udahili. Anakuja mwanafunzi wa mafunzo ya kazini (atachimenti), anapewa ruhusa zote kwa sababu ndiyo njia ya haraka, na kuanzia siku hiyo anaweza kufuta miaka sita ya kazi kwa kubofya mara mbili. Hakuna haja hiyo. Kanuni za IMAP za mwaka 2005 zilitenganisha haki ya kufuta barua na haki ya kufuta folda nzima, ambazo kanuni za 1997 zilikuwa zimeziunganisha. Exchange, mfumo wa seva ya barua wa Microsoft, nayo hukuruhusu kumpa mtu haki ya kusoma na kuandika katika folda bila kumfanya mwenye folda. Mwambie msimamizi wa mfumo ateue watu wawili tu wenye uwezo wa kuondoa folda.

Sheria nayo haichukulii barua hizi kuwa mali ya mtu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka kumbukumbu za kila zabuni zitunzwe angalau miaka 6 baada ya mkataba kukamilika, na Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka huo huo inadai miaka 5 kwa kumbukumbu za kodi.

Wengine hunijibu kwamba kila kitu kiko mtandaoni, kwa hiyo kiko salama. Februari 2011 hitilafu katika programu ya Gmail ilifuta barua za baadhi ya watumiaji, na nakala zilizokuwa katika vituo kadhaa vya data hazikusaidia kwa sababu hitilafu ilizifikia zote. Google ilizirudisha kutoka kwenye kanda za sumaku, zilizokuwa nje ya mtandao. Basi kila mwezi hamisha nakala ya folda muhimu kwenye diski ya nje, ifungue uhakikishe inasomeka, kisha ichomoe. Ifunge kwa nenosiri pia, maana barua hizo zina taarifa za watu zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Folda ikipotea licha ya hayo yote, usimwage pipa wala usiendelee kusafisha. Kama kuna kompyuta nyingine yenye akaunti hiyo ambayo haijawashwa tangu mkosi utokee, zima Wi-Fi ya ofisi au chomoa waya wa mtandao kabla ya kuiwasha; huenda bado ina nakala nzima, na fundi ataweza kuitoa. Kisha piga simu siku hiyo hiyo, useme jina la folda, ulipoiona mara ya mwisho, kifaa ulichokuwa ukitumia na nani mwingine anaingia kwenye kisanduku hicho.