Homa ni nini, na kwa nini mwenye homa husikia baridi?

Mgonjwa ana nyuzi joto 39. Ukimgusa paji la uso anaunguza, lakini yeye anaomba blanketi la pili na meno yanagongana. Kulielewa hilo ndiko kuielewa homa.

Homa ni joto la mwili linalopanda kwa amri ya ubongo wenyewe. Aliyezidiwa na jua kali shambani naye huchemka, ila hiyo si homa: ubongo wake unajitahidi kulishusha joto na unashindwa. Huyo anahitaji kivuli, maji ya kumpoza na msaada wa haraka, si Panadol.

Amri hiyo hutoka haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo iliyo upande wake wa chini, ambayo kwa kawaida hulishikilia joto letu karibu na nyuzi 37. Vijidudu vikiingia, chembe nyeupe za damu huvitambua na kumwaga kemikali ziitwazo saitokini. Hizo huchochea kemikali nyingine, prostaglandini, itengenezwe ubongoni, nayo huipandishia haipothalamasi kiwango cha joto, tuseme hadi 39. Tangu hapo mwili wenye nyuzi 37 unahesabiwa kuwa umepoa. Neva hubana mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi ili joto lisipotee, ndiyo maana vidole huwa baridi, na misuli hutetemeshwa ili izalishe joto. Kiwango kikifikiwa, baridi huisha. Kikishushwa, jasho humwagika.

Joto hilo lina faida: vijidudu vingi huzaliana polepole zaidi na chembe za kinga huchangamka. Hata kukosa hamu ya kula na kutaka kulala tu ni kazi ya saitokini zilezile.

Mwaka 1971 mwanasayansi John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini huzuia prostaglandini kutengenezwa. Parasetamoli, yaani Panadol, nayo hushusha homa kwa kuipunguza ubongoni. Kimelea cha malaria haikigusi kabisa, na hapa ndipo tunapopoteza watoto. Vimelea hupasua chembe nyekundu za damu kila baada ya saa 48 hivi. Katikati homa inaweza kutulia, mtoto akacheza, huku vimelea vikiongezeka. Aliyepoa baada ya Panadol apelekwe kupimwa malaria siku hiyohiyo. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 3 akifikisha nyuzi 38, ni hospitali mara moja, usiku au mchana.