Je, wanaopinga utandawazi wanapinga biashara?

Wengi huamini kwamba waandamanaji waliopinga utandawazi huko Seattle, Marekani, mwaka 1999, kwenye mkutano wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), na wale wa Genoa, Italia, mwaka 2001, kwenye mkutano wa viongozi wa kundi la nchi nane (G8), walitaka nchi zifunge mipaka na ziache kuuziana bidhaa. Si ajabu: picha zilizosambaa zaidi zilikuwa za vioo vilivyovunjwa na moshi wa mabomu ya machozi.

Lakini madai yao mengi yalihusu kanuni za biashara na nani anayeziandika. Chukua suala la dawa. Kanuni za WTO zilizoanza kutumika mwaka 1995 ziliweka ulinzi wa hataza (haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza uvumbuzi wake) wa miaka 20, dawa zikiwemo, wakati dawa za kupunguza makali ya VVU zilikuwa ghali mno kwa wagonjwa maskini. Wanaharakati walitaka dawa za bei nafuu ziruhusiwe kuvuka mipaka, na hiyo ni biashara. Mwaka 2001, huko Doha, Qatar, serikali zilikubaliana kwamba kanuni hizo zisizuie nchi kulinda afya ya umma.

Ukitaka kuhakiki, soma tamko la waandamanaji wenyewe sambamba na mkataba wanaoupinga. Anza na sura ya migogoro ya wawekezaji: je, kampuni ya kigeni inaruhusiwa kuishtaki serikali nje ya mahakama za nchi?