Baba amepona shambulio la moyo: je, atembee?

Tangu baba apate shambulio la moyo, hapa nyumbani Kampala tunamkataza hata kupanda ngazi. Tunakosea?

Mnampenda, ila kumketisha kutwa kunamdhuru. Daktari wake akishamruhusu, kutembea ni sehemu ya matibabu, sawa na vidonge vyake.

Kutembea kunaifanyia nini mishipa ya damu?

Hapa ndipo penye uzito. Ndani ya mshipa kuna utando wa safu moja tu ya seli. Damu ikienda kasi huusugua, nao hutoa gesi ya oksidi ya nitriki, ambayo huulegeza mshipa ukatanuka. Wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo. Sigara, presha, sukari na kolesteroli huuharibu utando. Gesi hupungua, na mshipa hubana pale unapotakiwa kufunguka. Mwaka 2000 madaktari wa Leipzig, Ujerumani, walieleza kwamba wiki 4 za mazoezi kwa wagonjwa wa moyo zilipunguza kubana huko kwa takriban nusu. Wiki 4 tu!

Kwa hiyo mafuta yaliyoganda mishipani yatayeyuka?

Msimwahidi hivyo. Kinachobadilika haraka ni namna mshipa unavyofunguka. Dawa zisiachwe.

Aanzeje, na Kampala ni vilima vitupu?

Achague njia tambarare, asubuhi kabla ya jua na vumbi la boda boda. Dakika 10 zatosha mwanzoni, kisha aongeze polepole hadi 30, siku 5 kwa wiki. Awe anaweza kuzungumza nanyi bila kukatika pumzi. Kifua kikibana au akiona kizunguzungu, asimame. Maumivu yasipotulia, mkimbizeni hospitali.

Angalizo moja, nami nalisisitiza: Uganda wagonjwa wengi wa moyo, hasa vijana, wana vali (milango ya moyo inayopitisha damu) zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Huo ni ugonjwa mwingine, na mazoezi makali yanaweza kuwa hatari kwao. Wapimwe kwanza, kwa mfano kwenye Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago.

Akipumzika mwezi mmoja?

Faida ya mishipa hupotea ndani ya wiki chache. Msimu wa mvua, atembee barazani.