Usiipe kila noti akordi yake

Kijana mmoja ninayemfundisha piano huku Katuba, Lubumbashi, alikuja Jumamosi na karatasi iliyojaa noti mpaka pembeni. "Mayestro, nimemaliza. Kila noti ya melodia nimeipa akordi yake." Aliongea kama mtu aliyelipa madeni yote. Akordi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja.

Melodia yenyewe ilikuwa nzuri: vipimo vinne vya mapigo matatu, katika ngazi ya do, bila diyezi wala bemoli, yaani bila noti iliyopandishwa wala kushushwa nusu. Mi, fa, sol; kisha la ya mapigo mawili na fa ya pigo moja; kisha mi ya pigo moja na re ya mapigo mawili; mwisho do. Lakini mkono wa kushoto ulihangaika: akordi ya do, ya fa, ya sol, ya la, hakuna hata moja iliyopata muda wa kukaa.

Sikumlaumu. Wengi wetu Lubumbashi tumejifunza muziki kwenye kwaya, na katika wimbo wa kanisa wa sauti nne karibu kila silabi hupata akordi, maana sauti zote zinatamka neno moja kwa pamoja. Piano haina neno la kutamka.

Nikamwekea kidole kwenye karatasi. Juu: fa, sol, la. Chini, kwenye besi, ile sauti ya chini kabisa: fa, sol, la. Hizo ndizo oktava sambamba, na waalimu wa zamani hawakuzikataza kwa ukali wa bure. Sauti mbili zikipanda hivyo, sikio linasikia moja tu; melodia inatembea na kivuli chake na besi haipo tena.

Mimi huanzia mwisho. Do ya kufunga nataka akordi ya do, na re iliyotangulia nataka akordi ya sol, basi kadensi kamili, ule mwisho unaotulia, imepatikana. Ile mi kabla ya re naiwekea do-mi-sol, yaani akordi ya do, ila besi inabaki sol: do na mi zinaning'inia, halafu zinashuka kwenye si na re za akordi ya sol. Ndipo narudi mwanzo na kuuliza kila kipimo kama akordi moja inakitosha. Kipimo cha kwanza, mi na sol zote ni za akordi ya do. Fa inapita tu, iache ipite. Cha pili, la na fa zote ni za akordi ya fa, fa-la-do. Akordi nane za kijana zikabaki tano.

Besi sasa ni do, fa, sol, do. Si mbaya, ila inaruka. Kwenye pigo la tatu la kipimo cha kwanza nikashusha mi kwenye besi, akordi ikiwa ile ile, na besi ikawa do, mi, fa, sol, do. Hiyo unaweza kuiimba peke yake. Tuliiimba kweli, kwa sababu umeme ulikatika na kinanda chetu kikazimika.

Ukitaka rangi nyingine, kwenye kipimo cha pili acha fa chini na ubadilishe noti moja tu, do iwe re: unapata re-fa-la, yenye huzuni kidogo, na bado inaelekea sol vizuri. Mimi naipenda zaidi. Na ukirudia sentensi hii ya muziki, mara ya kwanza peleka besi kutoka sol hadi la badala ya do. Melodia imefika nyumbani, besi imekataa kuingia. Hiyo ni kadensi iliyovunjika. Usiitumie kila dakika, itachoka.

Kuhusu mkono wa kushoto: sauti ya piano huanza kufifia mara nyundo inapogonga waya, kwa hiyo akordi iliyoshikwa tu hufa. Karne ya 18 watunzi waliivunja vipande, noti moja moja, do-sol-mi-sol, mtindo uliobaki na jina la mtunzi Domenico Alberti wa Venezia na ambao Mozart aliutumia sana. Ila usiushushe mno. Do na mi zikikaribiana chini kabisa ya piano hazisikiki kama akordi, zinanguruma. Huko chini tanua vidole.

Vipimo vinne vinavyofuata nimemwachia kijana avitunge mwenyewe. Nimemwambia aniletee besi kwanza, melodia baadaye. Hakufurahi.